Mizani ya Julai

Alfajiri nilipanda mizani ya bafuni
bila viatu, bila saa, bila hata pete ya ndoa,
nikatoa pumzi yote, kana kwamba hewa nayo ina mafuta.
Kilo mia moja na nne na ushee.
Ushee huo ndio unaoniua.

Wiki ya tisa. Daktari Sobczak alinichorea mstari
unaoteremka kama ngazi ya ghala,
akasema, "Bwana Lenart, ukifika hapa chini, magoti yatakushukuru."
Magoti yangu hayajawahi kumshukuru mtu.
Yamebeba mfuko wa barua miaka ishirini na sita,
theluji, jua, mbwa, na vidaraja vyote vya kusini mwa Milwaukee,

na leo yamenibeba hadi uani kwa shemeji Casimir.

Moshi ulinilaki nikiwa bado mtaa wa pili.
Moshi haupigi hodi.
Uliniingia puani, ukaketi, ukaagiza chakula kwa niaba yangu.

Macho nayo hayana pazia:
soseji zilizochemshwa kwa bia na vitunguu
kisha zikatupwa motoni, ngozi ikipasuka, ikilia mafuta;
mahindi yaliyoogeshwa siagi;
na bakuli la viazi la mama mkwe, Halina,
mayonesi nzito hata kijiko kinasimama wima kama askari wa zamu.

Mimi nilikuja na changu ndani ya kopo la plastiki:
kifua cha kuku kisicho ngozi, kisicho chumvi, kisicho habari.
Matango.

"Kidogo tu," alisema Casimir, koleo mkononi.
"Kidogo tu," alisema Halina, na kijiko kilikuwa hewani tayari.
"Leo sikukuu bwana," alisema jirani ambaye hata jina lake silijui.
Haba na haba hujaza kibaba:
kumbe kibaba chenyewe ni hili tumbo.
Juni peke yake nilialikwa nyua saba,
na kila ua ulikuwa na kidogo tu yake.

Nikakataa kwa tabasamu. Nikakataa kwa maji ya barafu.
Nikakataa kwa kuzungumzia besiboli, mchezo nisioupenda.
Tumbo likanguruma katikati ya sala.

Ndipo nilipomwona Tekla, bintiye Casimir, miaka kumi na mitatu,
kavaa sweta, Julai hii.
Hakuwa akinitazama usoni. Alitazama sahani yangu,
akihesabu matango.
Akaisukuma soseji yake hadi ukingoni,
akaifunika kwa tishu, kama mtu anayesitiri ndege aliyekufa,
akachukua kipande kimoja cha tango langu.
"Hata mimi, mjomba," akanong'ona.

Sikuwa na hotuba.
Barua nimepeleka maelfu kwa maelfu,
sijawahi kuandika hata moja ya maana.
Nikatoa daftari langu mfukoni, na penseli iliyotafunwa.
Tazama, nikamwambia, haya ni maradhi yangu kwa tarakimu:
sukari, presha, babu yangu aliyeanguka na hamsini na tano.
Hesabu hizi si zako.
Mimi nabomoa chumba cha ziada.
Wewe bado unajenga,
na fundi anayejenga hanyimwi matofali.

Alinyamaza. Makaa yakalia pwaa.
"Basi kula na mimi."

Nikaenda kwa Casimir nikaomba nusu.
Alicheka hadi koleo likamdondoka.
Yake nzima, yangu nusu, tukala polepole,
haradali ikinidondokea kidoleni,
na nikaandika mbele yake: nusu soseji, mia moja na arobaini.
Ukurasa huo sasa una alama ya gumba la manjano.

Kesho mizani itasema neno lake.
Mizani ile haina vina, wala haijui kubembeleza.

Jioni, garini, nilinyanyua kopo langu, likawa zito.
Halina alikuwa amelijaza viazi hadi kifunikoni.
Nikaliweka kiti cha pembeni, nikalifunga mkanda.
Taa nyekundu ni nyingi kutoka pale hadi nyumbani.