Wingu Chini ya Ngazi

Watu huuliza liko wapi, nami naonyesha chini:
chini ya ngazi za studio, nyuma ya ndoo ya deki na gunia la mkaa,
limeinuliwa juu ya matofali mawili
kwa sababu mvua ya Igogo haipigi hodi.
Hilo ndilo wingu letu.
Lina kilo sita na nusu. Nimelipima kwa mizani ya muuza dagaa.

Lilikuwa kompyuta ya kaunta. Benki ilipohama iliiuza
pamoja na viti na kapeti.
Nikafuta yote, jina la benki na salamu zake,
nikapandikiza Linux kutoka kwenye flashi
usiku wa kuamkia Jumapili, skrini nyeusi,
maandishi meupe yakishuka kama mchele unaopepetwa.
Ikaniuliza: nani hapa ndiye mzizi?
Nikaandika nywila. Mikono ilitetemeka kidogo.
Kuwa mzizi si cheo. Ukikosea herufi moja
mti unaanguka, na shoka umelishika wewe.

Kwa nini, Wande aliniuliza, usilipie tu huko kwa wenzetu?
Nililipia. Kila mwezi dola, kila mwezi kadi inagoma,
hadi siku moja ikaja barua: nafasi imejaa,
picha zitafutwa baada ya siku thelathini.
Harusi za Mabatini, vipaimara vya Nyakahoja,
paspoti saizi za nusu ya kata,
vyote vikisubiri huruma ya mtu asiyejua
Igogo iko upande gani wa ziwa.
Waliosema nguo ya kuazima haisitiri matako
hawakuliona wingu la kupanga, lakini walilijua.

Basi nikajifunza.
Milango elfu sitini na tano na ushei, nikaifunga yote,
nikaacha miwili: mmoja wa wateja, mmoja wangu.
Asubuhi nasoma kumbukumbu kabla ya chai:
saa nane usiku mtu wa mbali kajaribu "karibu123",
kajaribu tena, mara mia nne.
Simjui, hanijui. Tunapishana kila siku
kama majirani wasiosalimiana.
Umeme ukikatika, betri ya lori hushika zamu dakika arobaini.
Na kila mwisho wa mwezi nakala hupanda feri:
diski ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo ndani ya kitenge,
hadi Nansio kwa shangazi Nyanjura,
anayeiweka juu ya kabati na kuiita "yule mgonjwa".

Kisha ukaja ule msimu.
Niliuona kutoka juu ya mawe: moshi usio na moto
umesimama katikati ya ziwa, ukageuka kuja kwetu.
Wadudu. Wingu lenye mabawa.
Nilifunga madirisha. Nikafunika unga.
Nikasahau chini ya ngazi.
Alfajiri feni ilikuwa imemeza kikombe kizima,
na diski inalia tk, tk, tk,
kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko uliotoboka.

Milango elfu sitini nilikuwa nimeifunga.
Wao walipitia kwenye feni.

Nilivuka mwenyewe kumfuata mgonjwa.
Usiku mzima mstari ulitambaa: asilimia tisa, arobaini, tisini na nane.
Zikarudi harusi, vikarudi vipaimara.
Hazikurudi siku kumi na saba.

Ndani ya hizo kumi na saba alikuwamo Magesa wa gereji,
aliyekuja na shati lenye mikunjo ya dukani
kupiga picha na mwanawe, mara ya kwanza kumpakata.
Alipoifuata nikamwambia ukweli.
Alizitazama ngazi muda mrefu. Akasema,
"Basi tupige nyingine."
Kisha, akiwa mlangoni:
"Ila ile, alikuwa amelala."

Sasa feni imevaa soksi ya nailoni, naifua kila Ijumaa.
Kopo linavuka kila wiki.
Na ndani ya seva kuna folda moja yenye jina lake na tarehe.
Haina kitu. Baiti sifuri.
Nakala yake pia huenda Nansio.