Ukurasa wa Theluji

Vitabu viko mezani, chemli katikati,
maana umeme wa Nyamanoro umekatika tangu magharibi
na usubi wa ziwani umeganda kwenye kioo cha taa.
Masunga anauhesabu: kumi na saba katika sentimita moja ya mraba,
anazidisha, ananyamaza, kisha:
"Mama, wanaishi siku ngapi?"
Naandika kwenye daftari la Sijui.
Ni la tatu mwaka huu.

Kitabu cha kwanza ni cha darasa la sita, bei ya mfukoni.
Limi alikianza Jumanne, Ijumaa akakirudisha rafuni
na maneno ya penseli nyuma ya jalada:
Kimesema samaki anapumua. Hakikusema kwa nini furu wa maweni
ana meno tofauti na furu wa matopeni.

Cha pili nimeazimwa siku tatu na Bwana Mugeta wa dukani.
"Kisikunjwe, kisilowe. Kikilowa, ni chako."
Karatasi zake zinateleza kama mgongo wa kambare,
bei yake ni kodi ya nyumba, miezi miwili.
Sura ya nne nzima ni theluji:
mtoto wa glavu, mti uliopukutika,
dirisha lililoota maua ya baridi.
Nilikifunga. Nikasema, hiki si cha huku.

Cha tatu hata si kitabu, kimo ndani ya flashi:
maswali mia tano, majibu mia tano,
hakuna swali linalolala peke yake.

Miaka kumi na mmoja nilikuwa mpimaji kiwandani,
nikichoma kipimajoto kwenye minofu ya sangara iendayo ng'ambo.
Samaki namjua kwa shavu: likiwa jekundu, lipa; likipauka, pita.
Kitabu nitakifunua shavu gani?

Shuleni Masunga alikuwa anapewa chaki.
Amemaliza, basi awaandikie wenzake ubaoni,
mwalimu naye anywe chai yake.
Jioni ya siku tuliyomtoa, mwalimu alipiga simu:
"Sasa nani atanisahihishia madaftari?"
Nilisubiri acheke.
Hakucheka.

Na shangazi yao, Nyanjige, kila akija:
"Watoto wana akili hivi, nanyi mnawafungia jikoni?"
Nampa kiti. Nampa uji.
Sina jibu lenye kurasa.

Leo mchana nilikuwa kwa fundi cherehani.
Niliporudi, mlango wa uani wazi, sakafu imelowa,
chumvi yangu ya mwezi mzima imeisha.
Walikwenda Mwaloni, pale barafu ya samaki inapovunjwa kwa nyundo,
wakaokota vipande vinavyonuka dagaa,
wakavitia kwenye kopo la maziwa, chumvi juu, mwiko ndani,
na kipimajoto changu cha kiwandani, nilichokificha
chini ya khanga nisizovaa.
"Mama, imepita sifuri! Imeshuka mpaka kumi na nne chini!"
Limi ananipigia kelele kana kwamba mimi ndiye niliyekataa.

Nikainama.
Nje ya kopo, kwenye bati,
palikuwa pameota kitu cheupe, chembamba, chenye matawi,
kidogo kuliko ukucha.
Masunga alikuwa amelaza sura ya nne kando yake,
analinganisha ua kwa ua.
"Haya hayakutoka ndani," akasema. "Yametoka hewani.
Hewa yetu ya ziwani imejaa maji, ndiyo maana yamewahi."
Nje jua lilikuwa linachoma mabati.

Sikuwagombeza. Niligusa, likayeyuka,
nikagusa jingine.

Sasa wamelala. Nakifungua tena kitabu cha Mugeta.
Sura ya nne imevimba, imejikunja kama sikio,
na inanuka dagaa.
Naipepea juu ya chemli, haitaki kunyooka.
Kesho nitakwenda dukani na nusu ya kwanza kwenye bahasha,
nimwombe anivumilie hiyo nyingine
mpaka mwisho wa mwezi.