Sheria za Kivuli

Kazi yangu ni kupima maegesho.
Mita mbili na nusu kwa tano, gari moja;
mita mbili na nusu kwa tano, gari jingine.
Miaka kumi na tisa nimeikata Ruwi vipande vipande
na sijamwona mtu akicheka ndani ya kipande hata kimoja.

Basi Jumatatu moja, baada ya alasiri,
nikabakiwa na nusu debe la rangi ya manjano
na kiwanja kitupu nyuma ya kliniki ya macho.
Nikachora duara huku, duara kule,
hatua sitini kati yao,
nikabandika karatasi kwenye nguzo ya taa:
TOKA HUKU UFIKE KULE. USIKANYAGE JUA.

Chini yake sheria kumi na moja.
Nilizipiga chapa, nikazipa namba.
Ya nne ilikuwa na vifungu.

Shofiqul, anayefagia, hakuzisoma.
Alikitazama kivuli cha nguzo, chembamba kama utepe wa fundi,
akakipita kandambili mbele ya kandambili,
ulimi nje, mikono kama mizani,
mpaka hatua ya thelathini na moja, kikamwishia.
Mbele yake jua tupu. Lami inatokota.

Nikainua filimbi. Sheria ya sita: ametoka.
Hakutoka. Alisimama hapo hapo
akamwita kwa Kiarabu cha sokoni
Mwakio mlinzi, Mtaita mrefu kama foleni ya benki:
"Njoo usimame hapa. Niazime."

Kuazima!
Halikuwemo, si katika vifungu, si popote.
Filimbi ikabaki mdomoni, haina la kusema.

Jumatano walikuwa kumi na wanne.
Ghaniya wa duka la mabuibui alitanua mikono
na watoto watatu wakavuka chini ya bawa lake jeusi.
Biju akaleta boksi la friji. Je, boksi ni mtu?
Tukabishana robo saa, mate yakiruka.
Sikumbuki lini mara ya mwisho watu wazima mtaa huu
walibishana bila kutajiana pesa.

Bi Thuwaiba alitoka kliniki na bandeji jicho moja.
"Mimi? Na umri huu?"
Kisha akatuuliza kama tunajua
nani alikuwa hapigiki kwenye rede, Ng'ambo, enzi zake,
mpira wa soksi ukimpita kama salamu ya asiyemtaka.
Akafungua mwavuli. Akavuka.
Akarudi kumchukua mwenye mkongojo.

Mkubwa wangu akaniandikia: lengo la alama zile ni nini?
Nikajibu: usalama wa waendao kwa miguu.
Nikafuta. Nikaandika: kucheza.
Nikafuta. Nikaandika tena, nikapeleka kabla sijapata akili.
Hajajibu mpaka leo.
Lakini Alhamisi nilimwona akishuka garini,
akienda upogo, kivuli hadi kivuli,
akijifanya anatafuta funguo.

Sheria zangu nimezing'oa.
Imebaki ile ya jua, na chini yake, kwa kalamu ya Mwakio,
UNARUSIWA KUAZIMA,
na kosa la tahajia sitalisahihisha.

Jana likaja wingu.
Wingu zima, toka mlima hadi mlima,
Ruwi yote kivuli kimoja.
Kila mtu ameshinda kabla ya kuinua mguu.

Tulisimama ukingoni, kamba za viatu zimekazwa.
Mwakio hakujua urefu wake aupeleke wapi.
Bi Thuwaiba akafunga mwavuli, akasonya.
Na sisi, watu wa nchi hii,
ambao jua tunalikimbia toka Machi mpaka Oktoba,
tukainua shingo, kimya, tukalingoja
kama watoto wanaongoja mpira
ulioangukia ua wa jirani.