Natoza kwa Herufi

Kijana wake alikuja jana Kirumba na karatasi iliyopigwa chapa:
MINZA GAMAWISHI. MAMA. MFANYABIASHARA.
MWANZILISHI WA KIWANDA CHA KERIA, IGOGO.
Nikahesabu kwa ncha ya penseli, kama ninavyowahesabia wote:
herufi elfu moja, nafasi bure, nukta bure.
Akauliza kama "mfanyabiashara" linaweza kufupishwa.
Nikamwambia, mwanangu, walishajaribu.
Akacheka. Hakujua nasema nini.

Mimi nilikuwa mgongoni mwake
kutoka Nyanguge mpaka Kisesa, mwaka wa themanini,
nikitazama kisigino kilichopasuka
kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka,
juu ya Swala ya kiume, kaptura ya kaka yake,
breki kazing'oa kupunguza uzito.
Kwenye daftari waliandika "M. Gamawishi", wakadhani Malando.

Igoma mnyororo wake uliruka. Nikasema, kwisha.
Nyakato, kwenye mteremko, nikasikia pumzi.
"Pisha, kaka, nina mzigo."
Hakuwa na mzigo wowote.

Nyamagana walishangilia, kisha wakanyamaza
kama mvua ya ziwani: inakuja yote, inakatika yote.
Kamati wakainamiana.
Kanuni hazikumkataza mwanamke, wakasema,
lakini hazikumtaja.
Wakaita jina la pili.
La pili lilikuwa langu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nikapanda jukwaani.
Redio ya betri sita, na waya wake wa erieli.
Nikasema ahsante.

Yeye alirudi Magu usiku uleule, bila taa.
Alichowaza sikijui, na wanaosema wanakijua waongo.
Alichofanya ndicho ninachokijua: aliuza Swala,
akanunua mtungi wa gesi na miwani ya kuchomelea.
Maana magunia ya pamba, sangara anayeburuza mkia vumbini,
mama mjamzito anayekimbizwa Bugando,
kila kilichosafiri Usukumani kilikaa juu ya vyuma vinne
vilivyochomelewa vibaya.
Akavichomelea vizuri.
Hicho ndicho kiwanda. Mengine ni mapambo.
Mafundi sita, kisha arobaini,
kisha benki ikabeba mashine zote mchana kweupe
na yeye akaanza upya, nyundo na jiko la mkaa,
nyuma ya nyumba ya dada yake.

Pindua keria yoyote ya Igogo.
Chini, mahali ambapo matope hukaa,
utakuta alama moja ya patasi, wima.
Watu wanadhani ni namba ya toleo.

Tulikutana mara moja tu, Mwaloni, kati ya mafungu ya dagaa.
"Mwadila," akasema. Nikaitika.
Akaniangalia kidogo, kama mtu anayepima bomba.
"Redio inaongea?"
Inaongea, nikasema.
Ilikuwa imekufa miaka kumi na moja,
betri zilivuja ndani, ikaota ukoga wa kijani.
"Vizuri," akasema, akaendelea kupatana bei.

Usiku huu nimewasha taa ya karabai, umeme umekatika.
Karatasi nimeimaliza, neno kwa neno, "mfanyabiashara" zima.
Pamebaki kiganja kimoja cha jiwe chini.
Nimepachora:

WA KWANZA. MAGU–MWANZA, 1980.

Herufi kumi na nane, tarakimu nne.
Hizi sizitozi.
Mkono ulitetemeka kwenye K, inaonekana, basi ionekane.

Jumamosi kijana atakuja na pikapu.
Atasoma, atakunja uso, ataniuliza nani kaniagiza.
Jiwe la Mwanza halifutiki; labda ulisage.
Akikataa kulipa, sawa.
Redio bado ninayo, imo ndani ya gunia juu ya dari.
Nitamwambia apande aichukue,
ni ya kwao.