Miti Yenye Magoti

Bwana Orrin Haskett alinifikisha ukingoni
mkono ukiwa wazi, kama mtu anayefungua pazia:
chini, futi tisini, maji ya mlangobahari,
na ng'ambo, theluji juu ya milima ya Olimpiki.
"Dirisha la jikoni," alisema, "litakuwa hapa."
Nikatazama viatu vyangu.
Hapo hapo palikuwa na ufa.

Si ufa wa kutisha. Upana wa kidole cha mtoto,
nyasi zimeufunika kama nywele zinavyofunika kovu,
ukienda sambamba na genge,
hatua kumi na nne kuja ndani.
Nikateremsha utepe wa kupimia. Ukamezwa futi tatu
na ufa ukawa bado una njaa.

Mimi hulipwa kutazama kisichotajwa kwenye tangazo.
Dalali huuza mandhari;
mimi huuliza mandhari yameshikiliwa na nini.

Basi nilishuka kwa kamba, mvua ya Machi shingoni.
Mialda ya mtelemkoni ilitoka ardhini imelala,
kisha ikakumbuka jua, ikasimama,
kila shina na goti lake.
Upepo haupindi mti hivyo.
Ni udongo unaoondoka chini ya mizizi
polepole, bila kuaga,
na mti kila mwaka unajisahihisha.
Nilitoboa mmoja nikahesabu pete:
kuanzia ya kumi na tisa
kiini kilikuwa kimeacha kukaa katikati.

Chini zaidi, mikia ya farasi,
ule mmea wa mabwawani, imeota mstari mmoja
ubavuni mwa genge, kama iliyopigwa rula.
Hapo ndipo mchanga unapokalia mfinyanzi wa kijivu
ulioachwa na barafuto ilipokuwa ikirudi kaskazini.
Mvua hupenya mchanga bila kuulizwa jina,
hufika kwenye mfinyanzi, hunyimwa mlango,
hutafuta pa kutokea.
Nikabandika kiganja. Ukuta ulikuwa unatoka jasho.

Nilipopanda, Bi Verna alikuwa amesimama na ramani ya nyumba
imekunjwa kwapani, haijafunguliwa.
Hakuniuliza kama. Aliuliza: "Lini?"
Nikampa jibu la kitaalamu,
yaani njia ndefu ya kusema sijui:
pengine miaka arobaini, pengine Februari,
pengine siku mtakapomwagilia bustani mkasahau bomba.

Akanishika mkono wa koti, akanipeleka kwenye kichaka.
Vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa,
na uzi wa kufumia, mwekundu,
umekatika katikati.
"Niliufunga Oktoba," alisema.
"Haukufika Krismasi."
Miaka thelathini na moja mumewe alipaka rangi mashua za watu,
akila chakula cha mchana ameyapa maji mgongo
kwa sababu benchi lilielekea karakana.
"Nilitaka aambiwe na mtu atakayeondoka na feri ya saa kumi."

Kwa hiyo nilimwambia. Futi mia na ishirini nyuma,
maji ya paa yabebwe kwa bomba hadi ufukweni,
tangi la choo upande wa barabara, mti usikatwe hata mmoja.
Hakubisha. Aligeuka, akahesabu hatua
akipita mierezi, kisima kikuukuu, trela yao,
akasimama, akaunda dirisha kwa vidole vyake,
akachungulia.
"Sanduku la barua," alisema.
Akasogea kushoto kidogo. "Na nusu ya sanduku la barua."
Bi Verna alicheka, kisha akajizuia.

Feri ilikuwa bado dakika hamsini.
Nilikuwa nikikunja kamba zangu
nilipomwona bwana amepiga magoti kwenye kichaka,
miwani imeteleza puani,
vidole vinene vikihangaika na uzi mwekundu.
Sikujua alivigundua lini vile vigingi.
Alifunga fundo, akalivuta, akalifungua,
akafunga tena,
safari hii akiuacha ulegee kidogo.