Idfai

Kiarabu changu ni cha wodi.
Najua wapi panauma, tangu lini,
vuta pumzi, geukia ubavu,
umekula nini, mumeo yuko wapi.
Miaka kumi na tisa hapa Salala
sikuwahi kuhitaji neno la kununulia ukuta.

Ofisi ya mauzo ina baridi kuliko chumba cha maiti,
nasema kwa kujua.
Mezani, chini ya kioo, mji mzima wa plastiki:
bahari ya rangi ya dawa ya meno,
minazi inayopita ghorofa kwa urefu,
vijitu vyeupe visivyo na nyuso
vinatembeza vijibwa.
Biju, muuzaji, mtu wa Kerala,
anamulika kwa kalamu yenye taa:
jengo la tatu, chumba kimoja na sebule.
"Hapa wageni wanaruhusiwa kumiliki.
Nje ya mstari huu, hapana."
Mstari ni uzi wa bluu uliobandikwa kwa gundi.
Natazama ng'ambo ya uzi.
Hospitali yangu haipo,
pamepakwa rangi ya mchanga.

Mimi ni Mghoi wa Mwakio, nimezaliwa Wundanyi.
Kwetu ukungu hauna mwenyewe,
huingia jikoni bila hodi ukakaa juu ya sufuria.
Na huku, mwezi wa saba, kharifu ikishuka milimani,
ngamia wanalowa barabarani,
watu wanatoka Maskati kwa magari
waje kupigwa na manyunyu tu,
nami nasimama kituo cha basi baada ya zamu ya usiku
nikinusa kwetu,
ila kwetu kumetiwa chumvi.
Sababu hiyo sikumpa Biju.
Kwenye fomu akaandika: uwekezaji.

Kaka yangu Mwandawiro kapiga simu mara tatu.
Mtu hajengi kwa watu, dada.
Shamba la baba lipo, mawe yapo,
mcheza kwao hutunzwa.
Sikucheza, Mwandawiro. Nilituma.
Mabati ya mama, karo ya wanao wanne,
jeneza.

Nikifika sitini kibali kinakatika.
Nitapewa keki, picha ya pamoja,
tiketi ya kwenda isiyo na kurudi.
Mwenye hati ya nyumba hubaki.
Sasa ninanunua nini, Biju,
chumba, au ruhusa ya kukaa chumbani?
Akacheka: "Vyote viwili, bei ileile."
Bei si ileile.
Kuna ada ya usajili, na ada ya kila mwaka
ya bwawa, mimi nisiyejua kuogelea.

Mkataba una safu mbili,
Kiingereza kushoto, Kiarabu kulia,
na kifungu cha mwisho kinasema
lugha hizi zikigombana, Kiarabu ndicho kitashinda.
Kiswahili changu nimekiandika pembeni kwa penseli:
uliza hapa. Hapa pia uliza.

Karani anaitwa Thuraya,
umri wa mwanangu, kama ningekuwa naye,
hina bado mbichi kwenye ncha za vidole.
Sikumuuliza alizaliwa hospitali gani.
Akasoma awamu ya kwanza, ya pili, hadi ya tisa,
akanisogezea mashine ya kadi
na kwa sauti ya chini, ya adabu,
akaniambia neno ambalo siku zote nalisema mimi,
saa nane za usiku, kwa wanawake wanaong'ata shuka:
idfai.

Nikashika ukingo wa meza.
Miguu ikajipanga yenyewe.
Kwa sekunde nzima nilisubiri kichwa kitokeze,
mkono wangu ukapapasa glavu.
Kumbe kwao kusukuma na kulipa ni neno moja,
na miaka yote hii hakuna aliyeniambia.

Tarakimu nne.
Mashine ikafikiri, ikanyamaza, ikafikiri tena,
halafu ikatoa karatasi ndefu, ina joto.
Nikaipokea kwa mikono miwili
na, kwa mazoea, nikatazama saa ya ukutani:
saa nne na dakika kumi na saba, asubuhi.