Sekunde ya Mama

Syokau hakucheka kazini. Hata siku ile mbuzi
alipoitafuna barua ya chifu kabla ya zamu yake
na mshika kamera akaketi chini, mbavu hana,
yeye alisema tu: "Rudieni. Mbuzi amewahi."

Filamu ya kwanza aliilipia kwa friji.
Wiki sita pale Kaloleni maziwa yakichacha,
naye anahariri usiku kwa umeme wa jirani.
Ilihusu karani aliyejifanya amekufa
ili asilipe deni la chama,
kisha akanogewa na hotuba za matanga yake.

River Road waliiuza kabla yeye hajaiuza.
Alinunua nakala, shilingi hamsini,
akaomba risiti.

Nilikuwa mhariri wake miaka kumi na tisa.
Tuligombana kwa jambo moja:
kila baada ya mzaha aliacha sekunde tupu,
mtu kasimama, mdomo wazi, neno hakuna.
Nikiikata, anairudisha.
Nikiikata, anairudisha.
Gazeti likaandika kwamba filamu zake zinachechemea.
"Basi zichechemee," akasema, akamwaga chai.

Mpaka jioni moja, ukumbi wa Makadara,
mvua juu ya mabati, nusu ya maneno imemezwa.
Niliketi nyuma ya mama yake.
Masikio yake aliyaacha kiwandani,
kwenye mitambo ya magunia, Eneo la Viwanda.
Mzaha ulipopita, mama aligeuka kushoto,
akasoma nyuso za watu, akaona meno,
akarudi kwenye skrini
akachukua fungu lake la kicheko.
Sekunde moja. Nilihesabu.

Na Syokau, amesimama mlangoni na koti lililolowa,
hakuwa akitazama filamu.

Alitengeneza saba. Tuzo alipata moja,
nzito, ikazuia mlango wa choo usibamizwe na upepo.
Mama alizikwa Mwala mwezi wa nne;
wa sita tukahariri ile ya saba,
na sekunde ikawepo, kila mahali pake.
Sikuuliza. Sikukata.

Ya nane ameniachia mimi, haijaisha,
pamoja na daftari lenye doa la mchuzi
na deni la taa za kukodi.
Kijana wa studio anasogeza kiti:
"Bwana Mghanga, hapa pamelala. Tukate?"
Kidole chake kiko juu ya kitufe.
Mtu kasimama, mdomo wazi.

Ngoja, namwambia.
Kuna mtu bado anageuza shingo.